Mama asiye na uso: Vibonzo vya zamani na lugha tunayowarithisha watoto

Muhula wa pili wa mwaka huu idara yangu ilinituma kuwakagua wanafunzi wetu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Katika shule moja ya msingi, ambayo sitaitaja, nilimkuta mmoja wao, kijana hodari wa mwaka wa tatu, akiwafundisha watoto wa Gredi ya Tano somo la usimulizi. Alikuwa amekopa projekta ya ofisi ya mwalimu mkuu na kutundika shuka jeupe juu ya ubao. Akawaonyesha watoto kibonzo cha Tom na Jerry cha dakika zipatazo saba, sauti ameizima, ili wao ndio wakitie maneno kwa Kiswahili. Nilivutiwa mno na ubunifu huo. Watoto nao walicheka hadi wengine wakashika mbavu.

Ghafla ikatokea miguu miwili. Miguu minene, meusi, iliyovaa soksi zilizoporomoka na sapatu zilizochakaa. Juu yake aproni, na mkononi ufagio. Paka akapigwa, akatupwa nje, miguu ikaondoka. Msichana mmoja wa dawati la mbele akainua mkono. "Mwalimu, mbona huyo mama hana uso?"

Kijana wangu alitabasamu, akatazama saa yake, akajibu, "Huyo si mhusika muhimu. Haya, nani ataendelea kutusimulia?"

Somo likaendelea. Nami nikajaza fomu yangu ya ukaguzi, nikampa alama za juu, nikaaga. Nilipokuwa ndani ya matatu nikirejea mjini ndipo swali lile liliponirudia na kukataa kuondoka. Nilikuwa nimeketi nyuma ya darasa lile, mimi ninayelipwa kufundisha isimu, na sikutamka neno. Makala haya, msomaji mpendwa, ni jaribio langu la kulijibu swali la mtoto yule, ijapokuwa nimechelewa.

Jibu jepesi ni kwamba mama yule hana uso kwa sababu wachoraji wake walimchora kwa urefu wa macho ya paka. William Hanna na Joseph Barbera walipoanzisha kibonzo hiki katika studio ya MGM mwaka 1940, ulimwengu wao ulikuwa wa sakafuni: panya, paka, mguu wa meza, tundu la ukutani. Lakini jibu hilo halitoshi. Wapenzi wa vibonzo humwita mhusika huyu Mammy Two Shoes, na jina lenyewe linatuelekeza tunakopaswa kutazama. "Mammy" ndilo jina ambalo Wazungu wa majimbo ya kusini ya Marekani walimwitia mwanamke Mweusi aliyewalelea watoto wao, kwanza kama mtumwa na baadaye kama mtumishi wa ujira mdogo. Mwanamke huyo hakuhitaji jina lake halisi mle ndani ya nyumba. Uso nao, yaelekea, hakuuhitaji. Alidumu katika vibonzo hivyo tangu 1940 hadi 1952, na katika miaka hiyo yote uso wake ulionekana kwa nukta chache tu, katika kibonzo cha mwaka 1950 ambamo anakimbia kurudi nyumbani kumwadhibu paka.

Hapa yafaa tuondoe dhana moja iliyozoeleka. Vibonzo hivi tunavyoviita vya watoto havikutengenezwa kwa ajili ya watoto. Katika miaka ya 1930 na 1940 mtu aliyelipa kiingilio cha sinema kule Marekani alionyeshwa taarifa za habari, kibonzo kifupi, kisha filamu yenyewe. Kibonzo kilikuwa kitafunio cha watu wazima, na mizaha yake ilikuwa mizaha ya watu wazima wa enzi ile, tena watu wazima wa rangi moja. Televisheni ilipoenea katika miaka ya 1950, studio ziliuza maghala yao ya filamu kuukuu kwa vituo vya televisheni; za Warner Bros. zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1948, kwa mfano, ziliuzwa mwaka 1956. Vituo hivyo vilihitaji kitu cha rahisi cha kujazia saa za mchana ambapo watoto wametoka shule. Ndivyo mizaha ya watu wazima ilivyogeuzwa kuwa malezi ya watoto, pasi na mtu yeyote kuketi na kuuliza kama yafaa.

Kutoka huko ikatufikia. Mimi nilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kijijini kwetu palikuwa na televisheni moja, Great Wall isiyo na rangi iliyoendeshwa kwa betri ya gari. Siku za Jumamosi tulijazana sebuleni mwa jirani hadi wengine wakachungulia dirishani. Katika kioo kile kila kiumbe kilikuwa cha kijivu. Paka kijivu, panya kijivu, mama yule kijivu. Hatukumjua kwa rangi yake. Tulimjua kwa sauti. Na tulipotoka nje kucheza "Tom na Jerry", kila mtoto aligombea kuwa panya, wachache wakakubali kuwa paka, na nafasi ya mama mwenye ufagio ikampata daima msichana yule yule, ambaye mamake alikuwa akifua nguo kwenye nyumba za walimu. Hakuna aliyetuamrisha tumpe nafasi hiyo. Tulijua tu.

Sauti, basi. Hilo ndilo eneo langu, na waandishi wengi walioandika juu ya picha za vibonzo hivi wamelipita kwa haraka kuliko linavyostahili.

Katika kibonzo cha kwanza kabisa, Puss Gets the Boot, mama yule anamwonya paka kwamba akivunja chombo kingine atafukuzwa. Anatamka neno la Kiingereza lenye maana ya "nje", kisha analitaja herufi kwa herufi: O, W, T. Wenye kujua wanajua kuwa herufi ya katikati ni U. Hapo watazamaji wa 1940 walicheka. Walicheka nini? Walimcheka mwanamke asiyejua tahajia. Nawaomba walimu wenzangu wautafakari mzaha huo kwa makini. Kabla ya mwaka 1865, katika majimbo kadhaa ya kusini mwa Marekani, kumfundisha mtumwa kusoma na kuandika lilikuwa kosa la jinai. Baada ya hapo watoto Weusi walitengewa shule zao, duni kwa majengo na vitabu, kwa kipindi cha karibu karne nzima. Mtu akafungiwa mlango wa darasa, vizazi kwa vizazi, kisha akachekwa kwa kuwa hakuingia.

Isitoshe, lahaja yenyewe aliyovishwa mama huyo ilikuwa mavazi ya kuazima. Kiingereza cha Wamarekani Weusi si Kiingereza kilichoharibika. Ni lahaja yenye sarufi yake, kama William Labov alivyothibitisha katika maandishi yake ya miaka ya 1960 na 1970. Nitoe mfano ambao mwanafunzi wa Kiswahili ataung'amua mara moja. Sisi hutofautisha "mtoto analia" na "mtoto hulia": la kwanza ni tendo la sasa, la pili ni mazoea. Kiingereza sanifu hakina kiambishi maalumu cha mazoea kama "hu-". Kiingereza cha Wamarekani Weusi kinayo alama yake maalumu ya mazoea, na mzungumzaji wa lahaja hiyo hawezi kuichanganya na tendo la sasa, kama ambavyo wewe na mimi hatuwezi kusema "mtoto hulia" tukiwa na maana ya mtoto huyu anayelia sasa hivi. Katika jambo hili dogo, lahaja inayodharauliwa ina usahihi ambao lugha sanifu imeukosa. Mwaka 1979 mahakama moja ya Marekani iliamua, katika kesi ya watoto wa shule mjini Ann Arbor, kwamba walimu wana wajibu wa kuizingatia lugha ya nyumbani ya watoto hao wanapowafundisha kusoma. Yaani ilichukua miaka karibu 40 tangu mzaha wa O, W, T kwa mahakama kusema kwamba tatizo halikuwa mtoto.

Waandishi wa vibonzo hawakuwa na haja ya sarufi hiyo. Waliokota makosa ya kubuni, wakayarundika, wakayaita usemi wa Weusi. Mwigizaji aliyempa mama yule sauti, Lillian Randolph, alikuwa mwanamke Mweusi mwenye kipawa kikubwa, aliyefahamika sana redioni na aliyeonekana katika filamu ya It's a Wonderful Life ya mwaka 1946. Katika wasifu wake husimuliwa kwamba alipoanza kazi ya redio katika kituo cha WXYZ mjini Detroit, alipewa mafunzo ya miezi mitatu ya kuzungumza "lahaja ya Weusi" kabla ya kuruhusiwa kutangaza. Soma sentensi hiyo tena. Mwanamke Mweusi alifundishwa kuzungumza kama Mweusi, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuzungumza vile ambavyo wenye redio waliamini kwamba Weusi huzungumza. Katika miaka yangu yote ya kufundisha isimujamii sijakutana na mfano bora wa tofauti kati ya lugha ya watu na taswira ya lugha ya watu.

Na Mwafrika wa Afrika je? Huyo hakupewa hata lugha mbovu. Alipewa kelele. Katika Jungle Jitters ya 1938 na nyingine za aina yake, wenyeji wa "msituni" wana mifupa puani, chungu motoni na hamu ya kumla mgeni. Tom na Jerry wenyewe walifika huko katika His Mouse Friday ya mwaka 1951, ambamo panya anajipaka weusi na kumtisha paka kwa kujifanya mla watu. Mara nyingi maneno yanayotamkwa na wahusika wa namna hii hayana nomino wala kitenzi. Ni silabi za kurudiarudia. Chuck Jones, ambaye ni miongoni mwa mafundi wakubwa wa sanaa hii, alimbuni mtoto mwindaji aitwaye Inki, mwenye mfupa nyweleni, akamtumia katika vibonzo vitano kati ya 1939 na 1950. Inki hasemi kitu. Humo mna ndege mweusi apitaye akirukaruka kwa madaha, na kila akitokea husikika muziki wa Mendelssohn. Ndege ana muziki wa Mendelssohn. Mtoto wa Kiafrika hana neno. Nakiri kwamba ndege yule hunichekesha mpaka leo, na sijui kama kukiri huko ni udhaifu au ni sehemu ya hoja.

Mizizi ya haya yote iko katika michezo ya jukwaani ya karne ya 19, ambamo waigizaji Wazungu walijipaka masizi usoni, wakavaa glavu nyeupe na kupanua midomo kwa rangi ili kuwaigiza watumwa. Tazama tena mikono ya wahusika wengi wa vibonzo vya awali utaona glavu zile zile. Bosko, mhusika aliyeanzisha mfululizo wa Looney Tunes mwaka 1930, alisajiliwa na mbunifu wake kama mvulana Mweusi, na katika filamu ya majaribio ya 1929 alisema kwa lafudhi ya kusini iliyoigizwa na Mzungu. Baadaye lafudhi ikapotea na Bosko akawa kiumbe kisichojulikana ni nini. Watu wengine waliochorwa vibaya katika enzi hiyo ni Wajapani wakati wa vita, Wachina, na wenyeji asilia wa Marekani. Orodha ni ndefu na haipendezi.

Sasa nije kwenye kiini cha hoja yangu, ambacho ni namna makosa haya yalivyosahihishwa.

Wamarekani Weusi hawakuketi kimya. Chama cha NAACP kililalamika dhidi ya kibonzo cha Walter Lantz cha mwaka 1941 kilichowachora wakazi wa mji wa kusini kama wavivu wasioweza hata kufukuza nzi, na mwaka 1949 studio ya Universal ikakiondoa. Mama wa Tom na Jerry alistaafishwa baada ya 1952. Mwaka 1968 kampuni ya United Artists iliyatoa kabisa katika televisheni vibonzo kumi na kimoja vya Warner. Haya yalikuwa mafanikio ya haki. Lakini angalia kilichofanywa na vibonzo ambavyo hakuna aliyetaka kuvipoteza kwa sababu vilikuwa na faida. Katika miaka ya 1960 MGM ilivichora upya baadhi ya vibonzo vya Tom na Jerry kwa ajili ya televisheni. Mama Mweusi akafutwa, mahali pake akawekwa mwanamke Mzungu mwembamba, na June Foray akampa lafudhi ya Kiayalandi.

Kwa nini Kiayalandi? Kwa sababu katika karne ya 19 wasichana wa Ireland waliohamia New York na Boston ndio waliojaa katika kazi za nyumbani, na magazeti ya vikaragosi yaliwacheka kwa lafudhi yao na kwa sahani walizovunja. Studio ilipotaka kumwondoa mtumishi wa kuchekwa, ilifungua kabati la watumishi wa kuchekwa na kuchagua mwingine wa rangi tofauti. Haikuweza kuwaza kwamba mwenye ufagio anaweza kusema Kiingereza cha kawaida. Hilo lilisubiri hadi miaka ya 1990, sauti ilipoingizwa upya mara ya tatu, safari hii na Thea Vidale, kwa usemi usio na makosa yale ya kubuni. Ikawa sasa miguu ni ile ile, soksi zile zile, uso bado hakuna, ila sauti ni ya heshima kidogo.

Mimi nasema marekebisho haya yalitengeneza sikio na kuacha jicho. Na nasema zaidi: yalikuwa na hatari yake. Mtoto wa leo anayeona toleo lililopigwa pasi hana namna ya kujua kwamba palikuwa na kosa. Haulizi kuhusu O, W, T kwa sababu haisikii. Ndiyo maana niliguswa na kampuni ya Warner ilipotoa vibonzo hivi katika diski mwaka 2005 ikamweka Whoopi Goldberg mwanzoni azungumze na watazamaji, awaeleze kwamba taswira hizo zilikuwa makosa wakati ule na ni makosa leo, na kwamba kuzificha ni sawa na kudai hazikuwahi kuwapo. Sina desturi ya kuzisifu kampuni kubwa. Lakini hapo walifanya kazi ya mwalimu.

Wapo watakaoniambia kwamba zama zile hakuna aliyejua vingine. Si kweli. Mwaka 1946 George Pal, ambaye alikuwa amelaumiwa kwa vibonzo vyake vya vikaragosi kuhusu mvulana Mweusi aitwaye Jasper, alitengeneza John Henry and the Inky-Poo, hadithi ya shujaa wa kazi za reli aliyeshindana na mashine. Shujaa huyo ana uso, ana mwili wa binadamu, ana mama anayempenda, na simulizi imetolewa kwa sauti nzito ya Rex Ingram, Mmarekani Mweusi. Filamu hiyo iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, ikashindwa na The Cat Concerto ya Tom na Jerry. Vilevile mwaka huo huo chama cha wafanyakazi wa viwanda vya magari, UAW, kiligharamia kibonzo kiitwacho The Brotherhood of Man kilichotengenezwa na studio ya UPA. Kilitokana na kijitabu cha wanaanthropolojia Ruth Benedict na Gene Weltfish, ambacho jeshi la Marekani lilikataa kukisambaza mwaka 1944. Ndani yake mtu anaamka na kukuta mataifa yote ya dunia yamehamia mlangoni pake, na kijitu cha kijani kilichomo nafsini mwake kinamvuta nyuma na kumnong'oneza awachukie. Chama hicho kilikitumia kuwashawishi wafanyakazi Weupe na Weusi wa kusini wajiunge pamoja. Walijua basi. Waliojua walikuwa na fedha kidogo kuliko wasiotaka kujua.

Aidha si kila taswira yenye kasoro hukataliwa na wanaochorwa. Speedy Gonzales, panya wa Mexico mwenye kofia pana, aliyeshinda Oscar mwaka 1955 kwa sauti ya Mel Blanc, alizungumza Kiingereza cha kukwaruza na kuzungukwa na panya wenzake walevi na wavivu. Mwaka 1999 kituo cha Cartoon Network cha Marekani kiliacha kumwonyesha ili kisiwaudhi watu wa asili ya Mexico. Waliolalamika wakawa ni watu hao hao! Chama cha kutetea haki za Walatino, LULAC, kiliungana na waliomtaka arudishwe, na mwaka 2002 akarudi. Sababu yao ilikuwa na uzito: katika kibonzo kile mwenye kasi, akili na ukarimu ni panya wao, na anayeadhirika ni paka wa upande wa pili. Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaotaka tuchore mstari mmoja na kupiga marufuku kila kilicho ng'ambo yake. Swali haliwezi kuwa tu kama mhusika ana lafudhi. Tuulize pia lafudhi hiyo inafanya kazi gani. Inamcheka nani? Je, mwenye lafudhi hushinda?

"Lakini ni vibonzo tu, daktari," rafiki yangu mmoja huniambia. Mwanaisimu Rosina Lippi-Green alichunguza filamu ndefu za vibonzo za Disney katika kitabu chake cha mwaka 1997, akaona kwamba wahusika waovu walikuwa wengi zaidi, kwa uwiano, miongoni mwa wale wenye lafudhi ya kigeni kuliko miongoni mwa wasemaji wa Kiingereza cha Kimarekani, na kwamba wahusika waliotumia lahaja ya Wamarekani Weusi walichorwa wote kama wanyama. Mtoto wa miaka mitano hasomi isimu. Hata hivyo baada ya filamu kumi anajua lafudhi gani ni ya mfalme na ipi ni ya mpishi.

Wala tusijidai kwamba jambo hili ni la Marekani peke yake. Kizazi cha marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o kilivalishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama shuleni, naye akalieleza hilo katika kitabu chake cha mwaka 1986. Kibao chenyewe nilikivaa mimi pia, miongo kadhaa baadaye, mara mbili katika wiki moja. Na leo, katika vichekesho vya jukwaani na vya redio humu nchini, bawabu ana lafudhi ya jamii fulani, mchuuzi ana ya jamii nyingine, yaya ana ya tatu, na bosi anasema Kiingereza cha puani. Sitazitaja jamii hizo. Kila msomaji amekwisha kuzijaza mwenyewe, na wepesi wa kuzijaza ndio ushahidi wangu. Watoto wetu wanapomcheka mwenzao anayechanganya "r" na "l" darasani, hawakuanza siku hiyo.

Najua pia kwamba kufuta si sawa na kuwakilisha. Baada ya Weusi wa kuchekwa kuondolewa katika vibonzo vya Marekani, kwa miaka mingi hapakuwekwa Weusi wengine. Palibaki weupe mtupu. Mnamo Aprili 1968, siku chache baada ya kuuawa kwa Martin Luther King, mwalimu wa zamani mjini Los Angeles, Harriet Glickman, alimwandikia barua mchoraji Charles Schulz akimwomba aweke mtoto Mweusi katika kundi la Charlie Brown. Schulz alisita, akaogopa kuonekana anawahurumia Weusi kwa kiburi. Bi Glickman akawaomba marafiki zake Weusi wamwandikie maoni yao. Julai mwaka huo Franklin akatokea magazetini, mvulana wa kawaida anayeokota mpira ufuoni. Yote hayo kwa barua ya mwalimu.

Sisi nasi tumeanza kuchora. Tinga Tinga Tales ilichorwa Nairobi na ikaanza kuonyeshwa Uingereza mwaka 2010, na Ubongo Kids ya Tanzania imekuwa ikifundisha hesabu kwa Kiswahili tangu 2014. Nafurahi. Ila naomba watayarishaji wetu wasikilize kwa sikio kali wanapogawa sauti: nani anapewa Kiswahili cha Unguja, nani cha bara, nani cha mtaani, na fisi anapewa kipi.

Wiki iliyofuata nilimwita yule mwanafunzi wangu ofisini. Aliingia akiwa na wasiwasi kuhusu alama. Nikamweleza habari za O, W, T, za miezi mitatu ya Lillian Randolph, na za mwanamke wa Kiayalandi. Alisikiliza kwa muda mrefu.

"Basi, mwalimu, nisikionyeshe tena?" akauliza.

Nikamwambia kwamba kwa watoto wa chekechea ningechagua kingine. Hawawezi kubeba maelezo, watabeba picha tu. Lakini kwa Gredi ya Tano akionyeshe, aache sauti isikike mara moja, kisha asimamishe pale miguu inapotokea na awaachie watoto swali la mwenzao. Mama huyu anaitwa nani? Anaishi wapi? Ana watoto, na nani anawapikia yeye akiwa hapa? Wamsimulie kwa Kiswahili, wampe uso kwa maneno. Ni somo la usimulizi hata hivyo. Akacheka, akasema dakika thelathini na tano hazitatosha. Nikamwambia achukue vipindi viwili.

Alama zake sikuzibadilisha, kwani alistahili kila moja. Ila kabla ya kuiwasilisha fomu niliongeza sentensi moja katika nafasi ya maoni, kwa wino wa kalamu tofauti kwa kuwa ile ya kwanza ilikuwa imeisha: kwamba swali la mwanafunzi wa dawati la mbele halikujibiwa na mwalimu, wala na mkaguzi.